Kopo la dawa si mali ya kuwekwa stoo

Mheshimiwa mwenyekiti, maafande mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, wauguzi na waganga wenzangu, ndugu mliomaliza vifungo vyenu na mkakubali kukaa nasi, wazazi na wenzi wa walio ndani. Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nitaanzia langoni. Nimefanya kazi kwenye zahanati za magereza kwa miaka 19, na mengi niliyohangaika nayo kule ndani yalianzia pale nje, kwenye meza ya mapokezi. Mnaijua meza hiyo. Mtu mpya anashushwa kwenye gari, anasimamishwa mbele ya kitabu. Vua mkanda. Vua saa. Toa simu, toa pesa uzihesabu mbele yangu. Kila kitu kinaandikwa, kinaingia kwenye mfuko, mfuko unafungwa, mwenye mali anatia sahihi au dole gumba. Siku ya kutoka anarudishiwa mkanda wake uleule. Ni kazi ya uaminifu na sijawahi kuidharau.

Siku moja mahabusu mmoja, kijana wa miaka thelathini hivi, alikutwa na kopo jeupe mfukoni. Ameniruhusu nilisimulie jambo hili bila jina lake. Afande alilitikisa, likalia. "Hizi nini?" Kijana akageuka nyuma. Kulikuwa na wenzake kumi na wawili kwenye foleni, mmoja wao amefungwa naye pingu moja. Akajibu, "Vitamini." Afande akaandika: kopo moja, vidonge. Kopo likaingia kwenye mfuko pamoja na mkanda, mfuko ukapelekwa stoo.

Nilikutana naye wiki ya saba. Aliletwa zahanati ameshikwa makwapa na wenzake wawili, ana homa, anakohoa, ulimi umejaa utando mweupe. Nilimuuliza mara ya kwanza, akakana. Mara ya pili, akakana. Mara ya tatu niliwaomba wote watoke, nikafunga mlango, nikakaa upande wake wa meza. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Sista, dawa zangu ziko stoo."

Wiki saba. Kutoka stoo hadi godoro lake hazikufika hatua mia mbili.

Yule afande simlaumu. Alifanya alivyofundishwa: kinachoingia na mfungwa kiandikwe, kihifadhiwe, kisipotee. Kijana naye simlaumu hata kidogo. Nani angelitamka neno VVU mbele ya watu kumi na wawili ambao usiku huo atalala nao ubavu kwa ubavu? Tatizo ni utaratibu unaolihesabu kopo la dawa kuwa mali, kundi moja na mkanda na saa. Nimekuja kuomba utaratibu huo ubadilike.

Nieleze kwanza kwa nini siku chache tu zina uzito, maana nimewahi kuambiwa, "Sista, mbona alikuwa mzima tu alipoingia?" Ndiyo, alikuwa mzima kwa sababu ya dawa. Dawa za kufubaza VVU haziviui virusi vyote. Zinavizuia kuzaliana, na vichache hubaki vimejificha ndani ya chembe za mwili. Dawa ikikatika, katika wiki chache virusi vilivyojificha huanza kuzaliana upya, kinga hushuka, na magonjwa yaliyokuwa yamenyamaza huamka. Dawa ikikatika, ikarudi, ikakatika tena, virusi huzoea na kuwa sugu, na hapo tunalazimika kutafuta dawa nyingine ambazo mara nyingi ni ghali na ngumu kuzipata. Tena kuna jambo ambalo hata baadhi yetu wauguzi hulisahau. Kidonge kinachotumika sana siku hizi, mchanganyiko wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kinazuia pia virusi vya homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye maambukizi yote mawili akinyang'anywa kidonge hicho ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya hata kufikia kushindwa kufanya kazi.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mwaka 2011 utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata, za wenzi ambao mmoja ana virusi vilivyofubazwa na mwingine hana, hazikupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi huyo. Kwa hiyo kopo lile lililokuwa stoo lilikuwa kinga ya kijana, na kinga ya kila mtu aliyekuwa karibu naye. Ukimnyima yeye dawa, umelinyima bweni zima.

Wengine wataniuliza sheria inasemaje. Tarehe 17 Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za chini kabisa za kuwatunza wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela. Ziko 122. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kilekile kinachopatikana uraiani, bila malipo na bila ubaguzi, na matibabu yasikatike; inataja waziwazi VVU, kifua kikuu na matibabu ya uraibu wa dawa za kulevya. Kanuni ya 26 inataka faili la mgonjwa limfuate anapohamishwa gereza, na siri yake ilindwe. Ya 27 inasema uamuzi wa kitabibu hutolewa na mtaalamu wa afya peke yake, na mtumishi asiye wa afya haruhusiwi kuutengua. Ya 30 inataka kila anayeingia aonwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo. Nawaomba maafande mzisome wenyewe, msingoje kusomewa. Hukumu ya kifungo imemwondolea mtu uhuru wake. Hakuna hakimu aliyeandika kwamba imwondolee na dawa.

Lango la kuingilia si pekee linalokata dawa. Kuna siku za mahakama. Mahabusu anaamshwa kabla ya alfajiri, anahesabiwa, anapanda gari kabla zahanati haijafunguliwa, anakaa mahabusu ya mahakama mchana kutwa, kesi inaahirishwa, anarudi usiku zahanati imefungwa. Dozi imepita. Kesi ikiahirishwa mara kumi, dozi kumi zimepita, na ukimpima virusi vimepanda tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa "hana ufuasi mzuri wa dawa". Niliandika maneno hayo kwa mkono wangu, kwa wagonjwa wengi, mpaka siku nilipochukua daftari la mahakama na daftari la dawa nikayalaza pamoja mezani. Tarehe zilifanana. Nilijisikia vibaya sana, na mpaka leo nikiliona neno hilo kwenye faili la mahabusu huomba kwanza nione tarehe zake za kesi.

Uhamisho nao ni hivyo hivyo. Amri inakuja jioni, gari linaondoka asubuhi, mtu anafika gereza jipya na nguo zake, faili limebaki kule alikotoka. Muuguzi wa kule anaanza upya: una tatizo gani, ulikuwa unatumia nini, tangu lini. Na yule mtu, mbele ya nyapara mgeni, yaani mfungwa anayesimamia wenzake, na watu asiowajua, anajibu, "Sina tatizo."

Nizungumze kuhusu siri, kwa sababu nimeona dawa nyingi zikikataliwa kwa ajili ya siri tu. Tulikuwa na foleni ya saa nne asubuhi. Nyapara alisimama mlangoni mwa bweni akaita, "Wa dawa, nje!" Watu wanane wanatoka, wengine tisini wanatazama. Baada ya miezi miwili wale wanane wakawa watano. Hatukubadili dawa wala mahubiri. Tulichobadili ni foleni: wenye VVU, wenye presha, wenye kisukari, wenye kifafa, wenye maumivu ya jino, wote wakaitwa pamoja, wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja akatoka na bahasha ileile ya kaki. Wale watatu walirudi ndani ya mwezi, na wakaja wengine wawili ambao sikuwajua kabisa. Nawasihi pia tusiwatenge watu wenye VVU kwenye chumba chao peke yao eti kwa usalama. VVU haviambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kutumia choo kimoja, wala kwa kulala karibu. Na tusimpime mtu kwa lazima. Tangu 1993 Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kupima wafungwa kwa lazima ni kinyume cha maadili na hakusaidii. Mtu hupima kwa hiari akijua nani ataliona jibu lake, na akijua kwamba akikutwa navyo dawa ipo.

Sasa niseme yale ambayo kwenye mikutano mingi husemwa kwa kuzunguka.

Wembe. Asubuhi ya kunyoa nimeona wembe mmoja ukipita vichwa kumi na moja. Niliuhesabu, nilisimama pale nikauhesabu. Kichwa cha tatu kilichanika juu ya sikio, damu ikafutwa kwa kidole, wembe ukasuuzwa kwenye ndoo ya maji, ukaenda kichwa cha nne. VVU hudhoofika haraka nje ya mwili, lakini virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Mtu mmoja wembe mmoja: hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji wembe. Na chanjo ya homa ya ini ipo. Kwa kawaida huchomwa mara tatu katika miezi sita, lakini upo ratiba wa haraka, siku ya kwanza, ya 7 na ya 21, unaofaa kwa mahabusu ambaye hatujui atakaa muda gani.

Sindano na tatuu. Tatuu huchorwa kwa sindano ya kushonea au waya wa kalamu, wino ni masizi, na kifaa ni kimoja kwa bweni. Dawa za kulevya hupenya kuta zote duniani. Sijasikia gereza ambalo mkuu wake anaweza kuapa kwamba hazimo. Mwaka 1993 katika gereza la Glenochil, Uskoti, wafungwa waliokuwa wakichangia sindano waliambukizana VVU na homa ya ini wakiwa humo humo ndani. Mwaka 2002 katika gereza la Alytus, Lithuania, upimaji ulifichua maambukizi mapya zaidi ya 200 katika kipindi kifupi, mengi kwa njia hiyo hiyo. Uswisi walitangulia: 1992, katika gereza la Oberschöngrün, daktari wa gereza alianza kugawa sindano safi kwa sababu aliona zilizopo zimechakaa kwa kupita mikono mingi. Baadaye Uhispania, Moldova na Kirigizistani zikafuata. Hofu ya kila afande ni ileile, kwamba sindano itageuzwa silaha, na ni hofu halali, mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Tathmini za programu hizo hazikuonyesha sindano zilizogawiwa zikitumiwa kushambulia askari. Najua wapo humu ambao hawatakubaliana nami, na katika nchi nyingi sheria bado hairuhusu. Basi angalau methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Mtu aliyekuwa anakunywa methadoni kila siku uraiani, ukimkatia langoni, usiku wa pili anatapika na kutetemeka, usiku wa tatu anatafuta sindano ya jirani. Hiyo nayo ni dawa yake iliyokwama mlangoni.

Kondomu. Wapo wanaosema kugawa kondomu ni kuhalalisha tendo lililokatazwa. Afrika Kusini iliamua 1996 kuzigawa magerezani, na zipo nchi nyingine zilizofanya hivyo kabla na baada yake. Sijaja kubishana na dini ya mtu. Ninachokijua ni kwamba mke anayemsubiri mumewe hakuulizwa maoni yake, na virusi vikiingia nyumbani kwake haviulizi vilipatikana kwa tendo lililoruhusiwa au lililokatazwa.

Na ubakaji. Nalitamka polepole kwa sababu kuna ndugu humu ndani wanaolijua kuliko mimi. Aliyebakwa anaweza kuzuia VVU visishike akianza dawa kinga ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi hiyo. Kisha ameze kwa siku 28. Fikirini saa 72 za gerezani. Amefanyiwa usiku wa Ijumaa. Bweni limefungwa hadi asubuhi. Jumamosi zahanati ina mlinzi tu. Ili aje kwangu lazima amwombe nyapara, na nyapara huenda ndiye aliyefanya, au ni rafiki wa aliyefanya. Jumatatu anafika, anasema tumbo linamuuma, na mimi nina watu arobaini nje. Nilimpa mtu mmoja dawa ya minyoo siku kama hiyo. Aliniambia ukweli miezi mitano baadaye, tulipokuwa tayari tunazungumza kuhusu majibu yake ya VVU. Tangu wakati huo kila anayesema tumbo siku ya Jumatatu namwingiza peke yake, nafunga mlango, namuuliza waziwazi, kwa maneno yasiyo na aibu. Naomba kila gereza liwe na dozi ya kuanzia ya dawa kinga mahali ambapo afande wa zamu ya usiku anaweza kuifikia, na mfungwa aweze kumfikia mtu wa afya bila kupitia kwa mfungwa mwenzake. Dozi hiyo inaenea kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Kuhusu kifua kikuu nitasema kidogo tu, kwa njia ya mtu mmoja ambaye habari zake ziko kwenye hukumu ya mahakama. Dudley Lee alikuwa mahabusu katika gereza la Pollsmoor, Cape Town, kuanzia 1999. Wafungwa walijazana kwenye vyumba vilivyofungwa karibu saa 23 kwa siku. Mwaka 2003 akakutwa na kifua kikuu. Mwaka 2004 mahakama ikamwachia huru: hakuwa na hatia. Aliishtaki serikali, na Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali inawajibika, kwa sababu wenye ugonjwa hawakuchunguzwa wala kutenganishwa inavyopaswa wakati wanaambukiza. Ni gereza lile lile ambalo Mandela mwenyewe aliugulia kifua kikuu mwaka 1988. Kwa mwenye VVU kifua kikuu ndicho muuaji mkubwa, kwa hiyo kila anayeingia aulizwe kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Asiye na dalili na mwenye VVU apewe dawa ya kukinga. Na wauguzi wenzangu, mgonjwa akianza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huku anatumia dolutegraviri, msisahau dozi ya dolutegraviri iwe mara mbili kwa siku. Hilo nimeliona likisahaulika kwenye uhamisho, faili likiwa limebaki nyuma. Madirisha yafunguliwe. Hewa haina bei.

Wanawake ni wachache magerezani, na kwa sababu hiyo husahaulika. Zahanati nyingi zimepangwa kana kwamba kila mfungwa ni mwanamume. Mjamzito mwenye VVU asiyepata dawa ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto, kwa kuhesabu mimba, uzazi na kunyonyesha. Akipata dawa unashuka chini ya asilimia 5. Tofauti hiyo nzima inaweza kukaa kwenye mfuko mmoja stoo.

Nimefika kwenye mlango wa kutoka, na hapa nitakaa kidogo.

Texas, Marekani, walifuatilia wafungwa zaidi ya 2,000 waliotoka kati ya 2004 na 2007 wakiwa kwenye dawa za VVU. Walipewa za siku 10 mkononi. Waliochukua dawa nyingine kabla zile hazijaisha walikuwa kama asilimia 5. Baada ya siku 60, asilimia 30. Waliosaidiwa kujaza fomu za kupata dawa kabla ya kutoka walifanya vizuri kuliko wengine. Fomu tu, mtu kukaa naye na kalamu. Na utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ya ile ya wakazi wengine, na kilichoongoza ni dawa za kulevya kuzidi kipimo, kwa sababu mwili uliopumzika hauhimili tena kiasi cha zamani. Wazazi na wenzi mliopo hapa, wiki mbili hizo ni zenu. Mtu wenu akirudi, furahini naye, halafu mpelekeni kliniki kabla wiki haijaisha. Msimwambie apumzike kwanza.

Kuna mtego ambao mtu wa nje hawezi kuujua. Mahabusu akiachiwa mahakamani, harudi gerezani. Anatoka mlango wa mahakama na shati alilovaa. Kopo lake liko zahanati, kadi yake iko zahanati, na kurudi kugonga lango la gereza siku ileile aliyopata uhuru ni jambo ambalo wengi hawaliwezi. Tumewapoteza wagonjwa wengi hivyo: tunajua wako hai, tunajua wako huru, hatujui kama wana dawa.

Nieleze tulichofanya mimi na wenzangu baada ya yale ya kijana wa stoo, kwa sababu hakikuhitaji bajeti mpya. Mkuu wa gereza alitupa kameza na pazia kando ya mapokezi. Kila anayeingia, kila mmoja, awe na ugonjwa au asiwe nao, anapita nyuma ya pazia kwa muuguzi kabla hajafika kwenye kitabu cha mali. Kwa kuwa wanapita wote, hakuna anayejulikana. Maswali ni machache: unatumia dawa gani, unaumwa nini, kuna mtu amekuumiza. Inachukua dakika nne au tano. Dawa yoyote inabaki kwa muuguzi, haiandikwi kwenye kitabu cha mali kabisa. Orodha ya wanaokwenda mahakamani inaletwa zahanati jioni, na kila mwenye dawa za kudumu anaondoka na kijibahasha cha siku saba, chenye barua ndogo ya rufaa ndani isiyotaja ugonjwa kwa nje. Akirudi, tunahesabu pamoja. Asiporudi, ana wiki moja ya kutafuta kliniki. Maafande walilalamika kwa muda kuhusu vijibahasha kwenye upekuzi, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu ni wao wanaojibu kitu kikipenya. Tukakubaliana muuguzi avifunge mbele ya afande wa upekuzi, ahesabu vidonge kwa sauti, wote wawili watie sahihi. Malalamiko yakaisha.

Kikohozi cha yule kijana kilikuwa kifua kikuu, akapona kwa miezi sita. Virusi vyake vilifubaa. Kesi yake ilisikilizwa siku ya Alhamisi, akaachiwa huru, hakurudi. Nilifungua daftari la vijibahasha: saba, sahihi yangu, sahihi ya afande.

Wiki ya tatu alikuja langoni kuchukua mali yake. Mimi nilikuwa bwenini na mgonjwa. Aliyekuwa kwenye kitabu ni afande yuleyule wa siku ya kwanza, ambaye mpaka leo sijamwambia zile vidonge zilikuwa nini, wala sitamwambia. Alinieleza mchana: "Sista, yule mtu wako wa vitamini alikuja. Nimempa mkanda wake. Nikamuuliza, vitamini unazo? Akasema anazo." Nilimuuliza kwa nini hakumwambia anisubiri, ningependa kumwona. Akasema alimwambia, lakini kijana alikuwa na haraka: kliniki ya kwao hufunga saa nane mchana.